Kuendesha na kuseti mashine ya kuoshea vyombo ya hoteli: mwongozo kamili kwa mastiwadi na mafundi wa jikoni

Wadau wa jikoni, leo naongelea mashine ya kuoshea vyombo ile ya kofia, unasukuma raki (ile trei ya kupangia vyombo) ndani, unashusha kofia, inaanza yenyewe. Ndio iliyojaa kwenye hoteli za Zanzibar, Diani na Dar, na hata kwenye migahawa ya Ghuba ambako ndugu zetu wengi wanaanzia kazi kama mastiwadi, yaani waosha vyombo wa jikoni. Zile ndogo za chini ya kaunta za kuoshea glasi za baa zinafanya kazi kwa mtindo uleule, tofauti ni ukubwa tu, kwa hiyo mengi humu yanazihusu pia. Zile ndefu za mkanda siziingilii, zile zina mambo yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki, jiko lolote ukiingia vyombo vikianza kutoka na madoa mtu wa kwanza anakimbilia kuongeza sabuni, sabuni ikizidi povu linajaa, anaitwa fundi, fundi anapunguza sabuni anachukua hela yake anaondoka, kesho madoa yapo palepale. Sabuni kwa kawaida ndio kitu cha mwisho kugusa. Kabla yake kuna usafi wa mashine yenyewe, presha ya maji, joto na muda, na ukifuata mpangilio huo matatizo mengi yanaisha kabla hujashika bisibisi.

Ndani kunatokea nini

Mashine ina maji ya aina mbili na usiyachanganye kichwani. Chini kuna tangi la kuoshea, kwa mashine za kofia huwa lita 15 mpaka 40 hivi, hayo maji yana sabuni, pampu inayavuta na kuyarusha kwa nguvu kupitia mikono ya juu na ya chini (ile mirija yenye matundu inayozunguka), yanagonga vyombo, yanarudi tangini kupitia filta, yanavutwa tena. Yaani unaosha kwa maji yaleyale raki baada ya raki. Joto lake ni nyuzi 55 mpaka 65 kwa mashine nyingi za Ulaya, za Kimarekani nyingine zinataka zaidi kidogo, angalia kibandiko cha mashine yako.

Maji ya pili ni ya kusuuza. Haya ni safi, yanapashwa kwenye boila ndogo iliyojificha ndani mpaka nyuzi 82 hadi 85, na yanatoka sekunde za mwisho tu kupitia mikono myembamba, lita 2 mpaka 3 na nusu kwa raki moja. Hapa ndipo vijidudu vinapokufa. Kanuni za chakula za Marekani zinataka maji yatoke kwenye matundu yakiwa nyuzi 82 au zaidi na uso wa chombo ufike nyuzi 71, ila zinasema pia yasizidi 90, mana yakiwa moto kupita kiasi yanageuka ukungu kabla hayajagusa sahani na joto linapotea hewani. Kuna mashine nyingine za joto la chini zinazoua vijidudu kwa klorini badala ya moto, huku kwetu si nyingi, kama yako ni hiyo basi suala lako kubwa ni kupima klorini kwa vikaratasi kila shifti.

Sasa shika hili mana ndio ufunguo wa kuseti sabuni baadaye: maji ya kusuuza yakishapita kwenye vyombo yanaangukia kwenye tangi la kuoshea, na kiasi hichohicho kinamwagika nje kupitia lile bomba la kusimama la kufurikia. Kwa hiyo kila raki ikipita, maji ya sabuni yanazimuliwa na lita 3 za maji matupu na lazima sabuni iongezwe kufidia.

Asubuhi, kabla ya kuwasha

1. Fungua kofia uchungulie ndani kwa tochi ya simu. Unatafuta kijiko kilichoanguka, kijiti cha meno, mfupa wa samaki, kipande cha glasi. Kitu kidogo kikipita kwenda kwenye pampu kinaweza kuvunja panga za pampu na hapo jiko limesimama siku nzima.

2. Rudisha filta zote mahali pake, ile ya juu na ile ya ndani ya kikombe. Kuna watu wanatoa filta ya ndani wakidai inaziba, aisee usifanye hivyo, ile ikitoka mashudu yote yanakwenda kwenye matundu ya mikono.

3. Simamisha bomba la kufurikia, likandamize mpaka likae. Lisipokaa vizuri tangi halijai, hita haiwaki, na watu wanadhani mashine imekufa.

4. Zungusha mikono kwa kidole, juu na chini. Inatakiwa izunguke kwa wepesi na iendelee kidogo baada ya kuiachia. Ukihisi inakwama, toa, osha shafti yake.

5. Fungua koki ya maji, washa breka, washa mashine. Itajaza tangi, itapasha boila, itapasha tangi. Hii huchukua kati ya dakika 20 na 40 kutegemea maji yanaingia yakiwa na joto gani na hita ina nguvu kiasi gani, kwa hiyo kama bafe ya chai inafunguka saa 12 na nusu basi mashine iwake saa 11 na nusu, sio muda ule sahani za kwanza zinarudi.

6. Angalia madumu ya kemikali. Mpira wa sabuni uwe kwenye sabuni, wa rinsi eidi (dawa inayoingia kwenye maji ya kusuuza ili matone yasikaukie kwenye vyombo) uwe kwenye rinsi eidi, na ncha zifike chini ya dumu. Mara nyingi mpira mwekundu ni sabuni na wa bluu ni rinsi eidi, lakini fundi wa mwisho huenda alibadilisha mipira, fuata mpaka kwenye pampu ujiridhishe. Zikibadilishana ni balaa: rinsi eidi ikiingia tangini unapata povu mpaka sakafuni, na sabuni ikiingia kwenye maji ya kusuuza inabaki kwenye vyombo. Ile sabuni ni kali, ina magadi makali yanayounguza ngozi, sasa fikiria mteja anakunywa juisi kwenye glasi hiyo.

Kwa kuwa tumegusa hapo, kubadilisha dumu ni glavu na miwani, kila mara. Ikikurukia jichoni unamwagia maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kuacha na unakwenda hospitali na kibandiko cha dumu mkononi.

Vyombo kabla havijaingia

Kwangu mimi nusu ya kazi ipo hapa na sio kwenye mashine. Kwangua mabaki kwenye pipa, afu piga shawa ya maji kwenye sinki. Maji ya shawa yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto sana, mana yai, maziwa na damu ya nyama vikikutana na maji ya moto vinaganda kwenye sahani na hapo hata sabuni kali haivitoi kirahisi. Mafuta ya pilau na nazi ya mchuzi wa samaki vyenyewe vinataka kupigwa maji mapema kabla havijakauka.

Kitu kingine, usiloweke vyombo kwenye sabuni ya kawaida ya kuoshea kwa mkono halafu ukaviingiza kwenye mashine. Ile imetengenezwa kutoa povu, na povu linaua presha ya pampu, ukisikia pampu inakohoa na maji yanapigapiga bila nguvu ujue ni hewa ya povu imeingia. Vijiko na uma loweka kwenye dawa maalumu ya kulowekea au maji ya moto tu.

Usiingize kabisa sufuria za alumini. Zile sufuria zetu za kawaida zinageuka nyeusi kwa sababu magadi ya sabuni yanakula alumini, na ule weusi haurudi tena kirahisi. Miko, vibao vya kukatia vya mbao, vyungu vya udongo na vikaango vya chuma cha kusubu navyo pia nje. Visu vya wapishi, ukivipitisha mara kwa mara makali yanakwisha na shefu atakutafuta.

Upangaji wa raki: raki ya kawaida ni sentimita 50 kwa 50. Sahani zinasimama kwenye vijiti zikiangalia upande mmoja, zisilaliane. Vikombe na glasi vifudikizwe, na kwenye raki ya vyumba ili visigongane. Bakuli zipe mwinamo, zikilala flati zinarudi na maji. Vijiko na uma mwaga kwenye raki ya matundu madogo safu moja tu, sio mlima, pitisha, afu vipange kwenye vikopo mishikio chini na pitisha tena. Josephine Cochrane wa Illinois, aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1886 na kuionyesha Chicago mwaka 1893, alifanikiwa kwa mambo mawili, maji ya presha badala ya brashi na vyumba vya waya vilivyoshika kila chombo mahali pake. Mpaka leo ni hayohayo, maji yasipofika kwenye chombo hakuna kemikali itakayokusaidia.

Mtu mmoja akae upande mchafu na mwingine upande safi. Mkiwa mmoja tu, osha mikono kila unapovuka. Na raki ikitoka iache dakika moja ijikaushe yenyewe kwa joto lake. Ile tabia ya kufuta sahani na taulo inarudisha vijidudu vyote ulivyotoka kuviua. Plastiki na melamini hazikauki haraka mana hazishiki joto kama udongo wa kauri, hizo zipe muda zaidi, sio kosa la mashine.

Programu ipi

Mashine nyingi zina tatu: fupi ya kama dakika moja, ya kati ya dakika moja na nusu hadi mbili, na ndefu ya dakika tatu. Glasi na vikombe vya chai fupi inatosha, sahani za kawaida ya kati, vyombo vya bafe na trei za oveni ndefu. Watu wanaweka fupi kwa kila kitu ili wamalize, halafu wanarudia raki nusu, mwisho wa siku wametumia maji na umeme zaidi ya yule aliyeweka ya kati.

Kila baada ya huduma, yaani chai, lanchi, dina, mwaga maji ya tangi na ujaze upya. Ukiona maji yamekuwa kama mchuzi usisubiri ratiba, mwaga.

Sasa kuseti. Anza na maji

Presha kwanza. Mashine yenye boila la kawaida bila pampu ya ndani inataka bar 2 mpaka 4 kwenye koki. Sasa wengi huku tunalisha mashine kutoka simtanki la juu ya paa na kila mita 10 za urefu ni bar 1 tu, simtanki la juu ya ghorofa mbili linakupa bar 0.7 hivi, hapo maji ya kusuuza yatadondoka tu badala ya kunyunyiza na sahani zitatoka na sabuni. Weka pampu ya kuongeza presha, au kama unanunua mashine mpya nunua yenye pampu ya kusuuzia ndani yake. Presha ikizidi napo ni tatizo, funga kipunguza presha. Usiseti kwa kukisia, funga saa ya presha kwenye laini na uisome wakati mashine inasuuza, sio ikiwa imetulia, mana ikitulia hata laini mbovu inaonyesha namba nzuri.

Ugumu wa maji ndio ugonjwa wetu mkubwa wa pwani. Visima vya Unguja, Mombasa, Kilifi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa, kwa hiyo maji yanakuja na chokaa yake. Ikipashwa moto inaganda kwenye hita na kwenye matundu ya mikono, hita inafunikwa, inashindwa kutoa joto, inaungua. Wa Nairobi mnaokula maji ya bomba ya milima ya Aberdare mna bahati, maji laini, nyie mkiweka sabuni kwa kipimo cha Mombasa mtaogelea kwenye povu.

Kipimo cha ugumu kinauzwa, kile cha matone, unahesabu matone mpaka rangi ibadilike. Digrii moja ya Kijerumani ni kama miligramu 18 za chokaa kwa lita. Ukipata zaidi ya digrii 3 au 4 funga kifaa cha kulainisha maji, kile cha chumvi, na kila wiki hakikisha kina chumvi. Kama huna kipimo, chukua chupa ya maji yaliyolainishwa, kwangulia sabuni ya kipande, tikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Yakigeuka kama maziwa yaliyokatika na povu hakuna, chumvi imeisha au kifaa kimekufa.

Ila elewa kitu kimoja ambacho wauzaji wengine hawasemi, kifaa cha kulainisha kinatoa chokaa, hakitoi chumvi ya baharini. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, glasi zitatoka na ukungu mweupe vilevile na chuma cha mashine kitaanza vitobo vya kutu hata kama wameandika chuma kisichoshika kutu. Dawa yake ni mtambo wa kuchuja chumvi au kununua maji ya gari kwa ajili ya mashine tu.

Joto na umeme

Usiiamini namba ya kwenye skrini peke yake, ile inasoma ndani ya boila. Pata vile vibandiko vinavyogeuka rangi kwenye nyuzi 71, bandika kwenye sahani kavu, pitisha mzunguko mzima. Ikigeuka umefaulu. Au kipimajoto cha kushikilia kiwango cha juu, kilaze kwenye raki. Fanya hivi ukiwa kwenye raki ya tano au sita mfululizo, sio ya kwanza, mana ya kwanza siku zote inafaulu.

Kwa nini ya sita inafeli? Piga hesabu. Lita 3 zinaingia kwenye boila zikiwa nyuzi 28, joto la kawaida la maji ya pwani, unataka 85. Kuzipandisha nyuzi 57 kunahitaji kama kilojuli 716. Boila la kilowati 6 linatoa kilojuli 6 kwa sekunde, kwa hiyo linahitaji karibu sekunde 120. Wewe umeweka programu ya sekunde 60. Hapo mashine nzuri itarefusha mzunguko yenyewe mpaka boila lifike, na watu watalalamika kwamba imekuwa nzito, mashine isiyo na ulinzi huo itasuuza kwa maji ya nyuzi 60 na hakuna atakayejua. Suluhisho rahisi ni kuingiza maji yaliyokwisha kupashwa. Hoteli nyingi zina sola juu ya paa kwa ajili ya vyumba, ukivuta laini ya nyuzi 55 kuja kwenye mashine zinabaki nyuzi 30 tu za kupanda, yaani kama sekunde 63. Soma kwanza kibandiko kinasema maji yanayoingia mwisho nyuzi ngapi, nyingi ni 55 au 60.

Umeme nao. Mashine nyingi za kofia ni fezi tatu. Volti zikishuka kwa asilimia 10 nguvu ya hita inashuka karibu asilimia 19, mana inakwenda kwa mraba, kwa hiyo jioni umeme ukiwa mdogo mashine inachelewa hata kama haina ubovu. Fezi moja ikikatika pampu inaweza kuunguruma bila kuzunguka, zima haraka. Na hii ya mwisho watu wanahangaika nayo sana: baada ya fundi umeme kugusa bodi, au jenereta mpya kufungwa, mashine inawaka vizuri, inapasha vizuri, ila maji yanarushwa kiunyonge na vyombo vinatoka na mafuta. Fezi mbili zimepinduliwa, pampu inazunguka kinyumenyume. Kuna mshale kwenye mota, fundi umeme alinganishe na abadilishane fezi mbili. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, stiwadi usifungue bodi.

Joto la tangi la kuoshea liache kwenye 60 hivi. Kulipandisha hadi 75 ukidhani unasaidia unachofanya ni kupika wanga na mayai kwenye sahani.

Sabuni, sasa ndio zamu yake

Ukifika hapa mashine ni safi, presha nzuri, joto sawa, na bado vyombo havitakati, basi tupime sabuni. Dumu limeandikwa kipimo, mara nyingi gramu 1 mpaka 3 kwa lita kutegemea ugumu wa maji. Tuseme gramu 2 na tangi ni lita 20. Kujaza mara ya kwanza unahitaji gramu 40. Kila raki inaleta lita 3 za maji matupu, kwa hiyo unafidia gramu 6, na kwa vile sabuni ya maji ni nzito kuliko maji hizo gramu 6 ni kama mililita 5.

Sasa pima pampu yako inatoa kiasi gani. Chomoa mpira wa kuvuta kutoka kwenye dumu, ingiza kwenye kikombe cha kupimia chenye sabuni, endesha pampu kwa kitufe chake dakika moja kamili, soma imeshuka kiasi gani. Ikiwa mililita 60, basi ni 1 kwa sekunde, seti isukume sekunde 5 kwa kila raki na sekunde 32 au 33 wakati wa kujaza. Mashine za kisasa unaingiza namba kwenye menyu ya fundi, za zamani kuna kiskurubu kidogo kwenye pampu, geuza robo mzunguko, pitisha raki kumi, angalia, ndio ugeuze tena. Usiguse viwili kwa wakati mmoja, ukigusa sabuni na rinsi eidi pamoja hutajua kipi kimefanya nini.

Mashine nyingine zina kijiti cha kupima nguvu ya sabuni ndani ya tangi, chenyewe kinaongeza kikiona imepungua. Hicho kikishika chokaa kinadanganyika kwamba sabuni haipo na kinamwaga tu, hivyo ukiona dumu linaisha ghafla kuliko kawaida kifute kwanza.

Rinsi eidi ni kidogo sana, mililita 0.3 hivi kwa lita, yaani mililita 1 kwa raki. Utapimaje mililita moja? Inua mpira wa kuvuta kutoka kwenye dumu kidogo ili uvute puvu la hewa, urudishe. Utaliona puvu linapanda ndani ya mpira. Weka alama kwa kalamu pale lilipo, pitisha mzunguko mmoja, weka alama nyingine. Kwa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4, sentimita 8 ni mililita 1. Puvu likitembea sentimita 4 unapata nusu, ongeza. Likitembea 20, punguza. Hakuna kifaa cha kununua hapo, rula tu.

Dalili na maana zake

Matone yaliyokaukia kwenye glasi: rinsi eidi ndogo au maji ya kusuuza hayajafika joto. Michirizi yenye rangirangi ya bluu, au bia haishiki povu kwenye glasi: rinsi eidi imezidi.

Ukungu mweupe kwenye glasi: pakaza siki. Ukitoka ni chokaa, shughulikia maji. Usipotoka glasi yenyewe imeliwa na haitarudi, hasa zile za bei rahisi zikipita kwenye sabuni kali na maji laini sana kwa muda mrefu.

Sahani zinaonekana safi ila ukipitisha kidole ni kama zina ngozi: huo ni wanga, wa wali, ugali, chipsi, unajijenga kidogokidogo wiki baada ya wiki. Nenda duka la dawa nunua aidini ile ya vidonda, dondosha tone kwenye sahani kavu. Likigeuka bluu nyeusi, wanga upo. Loweka sahani zote kwenye maji ya moto yenye sabuni ya mashine, glavu zikiwa mkononi, sugua, pitisha programu ndefu, afu chunguza kwa nini ulijengeka, mara nyingi programu ni fupi mno au sabuni ni kidogo kweli.

Madoa ya chai kwenye vikombe yanataka sabuni yenye klorini au kulowekwa kwenye unga wa kuondoa madoa. Manjano ya biriani kwenye melamini vilevile loweka, na melamini iliyochanika uso itupe.

Povu: sabuni ya mkono imeingia, au maji ya tangi ni ya baridi (dawa ya kuzuia povu iliyo ndani ya sabuni inafanya kazi yakiwa moto), au maji yamechakaa. Mwaga, jaza upya, subiri joto.

Harufu ya yai: filta na ukuta wa ndani vichafu. Sugua, hakuna siri.

Kufunga, na kuondoa chokaa

Zima, mwaga tangi, endesha programu ya kujisafisha kama ipo. Toa filta, osha chini ya bomba, usizigonge kwenye pipa zinapinda na zikipinda hazizibi vizuri tena. Toa mikono, ishike kwenye mwanga, tundu lililoziba chokonoa kwa kijiti cha meno, usitumie waya mana unapanua tundu. Futa ndani kwa kitambaa au sponji, stili wulu hapana, inaacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu. Nje usipige maji ya mpira, kuna umeme kule nyuma. Acha kofia wazi usiku kucha.

Chokaa ikionekana, uso wa ndani unakuwa na unga mweupe unaokwaruza, ondoa kwa dawa ya tindikali iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Utaratibu: toa raki zote, mwaga tangi, suuza kabisa mpaka sabuni iishe, zima pampu ya sabuni au toa mpira wake ufunge. Jaza maji, weka dawa kwa kipimo cha kibandiko, endesha bila vyombo kwa muda uliotajwa, mwaga, jaza maji matupu uendeshe, mwaga, rudia mara ya pili. Ile dawa isikutane kabisa na sabuni yenye klorini wala jiki, zikikutana zinatoa gesi ya klorini na gesi hiyo inaua kwenye chumba kidogo kisicho na hewa. Na jiki usiimwage kwenye mashine hata siku moja, inakula chuma.

Stoo weka akiba hizi: mpira wa ndani wa pampu ya sabuni na wa rinsi eidi, hivi vinachoka kwa kukandamizwa na hubadilishwa kila miezi 6 mpaka mwaka kutegemea shughuli, filta moja, bomba la kufurikia na oringi yake, na kofia za ncha za mikono zile ndogo ambazo huanguka na kuingia kwenye pipa la takataka bila mtu kuona. Hita, valvu ya maji na bodi ya umeme mwachie fundi, ila mpigie ukiwa umeshaandika presha, joto la raki ya sita na ugumu wa maji, atakuja na kifaa sahihi mkononi badala ya kuja kuangalia na kurudi mjini.